Herini za Almasi

Jioni hii nataka kunena nanyi juu ya filamu ya Kifaransa iitwayo Madame de..., aliyoitengeneza Max Ophüls mwaka 1953 kutokana na riwaya fupi ya Louise de Vilmorin iliyotoka mwaka 1951, kwani sijaona hikaya nyingine ya mahaba ionyeshayo kwa uwazi namna hii jinsi uwongo mdogo unavyoweza kuyaangamiza mapenzi makubwa.

Bibi huyo, ambaye jina la ukoo wake halitajwi tangu awali hata tamati, ni mke wa jenerali mjini Paris. Naye, akiwa amelemewa na deni alilomficha mumewe, afungua makabati yake, apapasa manyoya na mikufu, kisha achagua kuuza herini za almasi alizotunukiwa na mumewe kwa ajili ya harusi, kwa kuwa hizo hazimwumi moyo kuziacha, halafu amwambia mumewe kwamba zimepotea. Sonara aliyezinunua amwendea jenerali kwa siri na kumwuzia tena. Jenerali ampa herini hizo hawara wake aliyekuwa akiondoka kwenda Constantinople. Hawara azipoteza katika kamari. Na Baroni Donati, mwanadiplomasia wa Kiitalia, azinunua pasi na kujua asili yake, hata alipofika Paris na kumpenda bibi yule, akamtunuku zile zile.

Na mapenzi hayo yalivyokua, Ophüls ameyaeleza kwa walzi: usiku waungana na usiku bila dansi kukatika, mavazi yakibadilika, wageni wakipungua, hadi wamebaki wao wawili na mtumishi azimaye taa.

Almasi hazikubadilika hata chembe, lakini zilizotoka kwa mume aliziuza, na zilizotoka kwa muhibu, zilipomtoka tena mkononi, akawa tayari kuuza vyote alivyo navyo ili azikomboe. Msiba wake ni kwamba mahaba ya kweli yalimkuta ulimi umekwisha zoea hadaa, na Donati, alipojua kuwa amedanganywa, imani ikamtoka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya bibi huyu ilizunguka hata Constantinople, wala haikukosa kumrudia mlangoni.

Basi, wasikilizaji, ikipata kuonyeshwa mjini penu nendeni mkaitazame, mume na mkewe pamoja, kwani ni filamu inayoonya pasipo kuhubiri, na maonyo yake yanawahusu wote wenye nyumba.