Mzazi Anayelowesha Kitanda Usiku

(Mazungumzo ya mfanyakazi wa jamii wa kambi ya Kiziba, aliyoyatoa Kigali mbele ya wakimbizi waliosindikiza wagonjwa wao hospitalini.)

Mmekuja Kigali na wagonjwa wenu, nami mara ya kwanza nilifika hapa hivyo hivyo, nikiwa na baba yangu. Nimeombwa kusema juu ya jambo ambalo kambini watu hulisema kwa kunong'ona: mzazi mzee anayekojoa kitandani. Mnisamehe nikitaja mambo kwa majina yake.

Sisi tunakaa Kiziba, kule juu Karongi, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Wanaotoka huko wanajua nyumba zetu: ukuta wa udongo, chumba kimoja au viwili, pazia katikati. Jirani akikohoa unamsikia. Vyoo ni vya pamoja, na usiku njia ina giza na utelezi. Baba alikuwa akiamka saa tisa za usiku kukunja mkeka wake mwenyewe gizani, ili tusijue. Tulijua kwa harufu.

Nilifanya makosa mawili. Kwanza, nilimkataza kunywa maji baada ya saa sita mchana. Mkojo haukukoma. Uligeuka tu ukawa na rangi ya chai na harufu kali, na mzee akapata kizunguzungu. Pili, nilimwuliza mbele ya watoto, "Baba, kwa nini huniamshi?" Hakujibu. Jioni ile hakula, wala jioni iliyofuata. Mtu aliyekuwa na ng'ombe Masisi, aliyekuwa akiamua kesi za watu, aliona heri alale na njaa kuliko kulowa mbele ya wajukuu.

Sote tulisema ni uzee. Muuguzi wa kituo cha afya ndiye aliyemlaza, akamgusa chini ya kitovu, akakuta pagumu kama mpira. Kibofu kilikuwa kimejaa. Baba alikuwa hawezi kukojoa sawasawa, na kile kilicholowesha mkeka kilikuwa kinafurika tu, kama pipa lililojaa wakati wa mvua. Wanaume tuna tezi chini ya kibofu, tezi dume, ambayo hukua kadiri umri unavyoongezeka na inaweza kubana njia ya mkojo. Mkojo ukibaki ndani muda mrefu unaweza kuharibu figo. Siku ile ile aliwekewa mpira wa mkojo, tukapewa karatasi ya transferi ya Kibuye, kisha ya Kigali. Nami nilikuwa nikimnyima maji!

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta shitingi na ndoo, tafuta sababu. Mpeleke mzazi kituo cha afya na useme wazi: ilianza lini, ni matone au mkojo mwingi, huamka mara ngapi, anameza dawa gani. Kuna mzee mwenye ugonjwa wa sukari ambao haujajulikana. Huyo hunywa sana, hukojoa sana na kukonda. Kuna mwenye maambukizo ya njia ya mkojo, anayesikia moto akikojoa. Kuna ambaye hajapata choo siku nne, na choo kile kigumu kinasukuma kibofu. Kuna mwenye miguu inayovimba mchana: akilala, maji yale hurudi katika damu na kuwa mkojo. Huyo miguu yake ichunguzwe, na mara nyingi hupata nafuu akiiinua juu ya kiti saa moja au mbili alasiri. Na kuna anayemeza vidonge vya kutoa maji mwilini jioni. Usimwachishe dawa, mwulize daktari kama anaweza kuvimeza asubuhi.

Kwa akina mama, kuzaa mara nyingi hulegeza misuli ya chini. Kuna zoezi: abane kama mtu anayezuia mkojo, ahesabu hadi tano, aachie, arudie mara kumi, mara tatu kwa siku. Faida huonekana baada ya wiki nyingi, kwa hiyo asikate tamaa upesi. Lakini mama anayevuja mchana na usiku bila kukoma, tangu uzazi mgumu au tangu alipotendewa ukatili vitani, huenda ana fistula, yaani tundu. Mazoezi hayalizibi, ila upasuaji unaweza. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imewatibu akina mama wengi wa namna hiyo. Wapo walionyamaza hadi wakawa bibi. Tafadhali, mkiwajua waambieni.

Sasa nyumbani. Mzee anywe vizuri mchana, apunguze saa mbili hivi kabla ya kulala, hasa chai na pombe. Akojoe kabla ya kulala; akimaliza angoje kidogo, ajaribu tena. Weka ndoo yenye mfuniko karibu naye na tochi mkononi mwake, kwa maana mzee akianguka usiku akavunja nyonga, hilo ni baya kuliko mkeka uliolowa. Shitingi itandikwe juu ya godoro, na juu yake kitambaa kinachonyonya maji. Asilale juu ya shitingi tupu, ngozi itaungua kwa jasho. Asubuhi aoshwe kwa maji na sabuni kidogo, akaushwe taratibu, apakwe vaselini. Pampasi za watu wazima zinauzwa katika maduka ya dawa hapa Kigali, ila bei mnaijua. Kitenge cha zamani kilichokunjwa, kikafuliwa na kuanikwa juani, kinafaa.

Nani amwoshe? Hili ni zito kuliko sabuni. Kwetu mkwe hamvui baba mkwe nguo, wala mwana wa kiume hamwoshi mama yake kama yuko mwingine. Mjukuu, ambaye hutaniana na babu yake, mara nyingi hukubaliwa. Mwulizeni mzee mwenyewe, faraghani. Sisi tulipomwuliza baba, alimchagua mjukuu ambaye hatukumfikiria kabisa, yule mtundu.

Msingoje kesho mkiona haya: mkojo umezuia kabisa na tumbo linauma, damu katika mkojo, homa na kutetemeka, mzee amechanganyikiwa ghafla, au mkojo umeanza kumtoka pamoja na miguu kukosa nguvu.

Baba alitolewa mpira baada ya wiki tatu, na anameza kidonge kila siku. Bado kuna usiku analowa. Siku hizi huniita kwa jina langu, nami naamka.

Walio na maswali wasiyopenda kuyauliza mbele ya watu, nitabaki nje hapa hadi saa kumi. Akina mama, yupo dada tunayefanya naye kazi. Amekaa pale karibu na mlango.