Kumuuguza Mlevi Anayetubu

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nimetakiwa niseme machache juu ya ndugu zetu waliotekwa na ulevi. Kwamba ulevi ni haramu, kila mmoja wetu alifundishwa chuoni. Nitakalo kuuliza leo ni hili: mlevi anapotubu, nani atamuuguza?

Nchi yetu hii ni njia kuu. Tangu reli ilipofika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, watu wa makabila mengi wamekutana hapa. Na Bwera, kwa njia ya Mpondwe, ni mlango wa Kongo. Njia iletayo riziki huleta na balaa. Mwaka 2019 Serikali ilipiga marufuku waragi wa vipakiti, nasi twashukuru. Lakini amri huzuia biashara. Haimtibu aliyekwisha kudhurika.

Ramadhani ikikaribia, wako wanaoazimia kuacha pombe kwa usiku mmoja. Wengine hufungiwa chumbani na jamaa zao kwa kufuli. Nia ni njema, bali njia ina hatari. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku, ukinyimwa ghafula, hushtuka. Baada ya saa chache mikono hutetemeka na jasho humtoka mtu. Katika siku mbili za kwanza aweza kushikwa na kifafa. Na baina ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka, huona visivyokuwapo, hata hufa. Nasi husema, amepandwa na jini! Tukamwita mganga wa kupunga, na aliyehitajiwa ni muuguzi.

Muuguzi humpima joto na mapigo ya moyo mara kwa mara, humnywesha maji, humpa dawa ya kutuliza aliyoamuru daktari pamoja na vitamini B1, ambayo hupungua mwilini mwa mnywaji, na husema naye kwa upole. Hamtukani. Na hayo si mageni katika dini yetu. Mtu aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa kosa la kulewa alipolaaniwa, Mtume (S.A.W.) alikataza asilaaniwe. Naye Bi Rufaida wa kabila la Aslam aliwekewa hema msikitini Madina, akawauguza majeruhi wa vita vya Handaki. Hata katazo la pombe lenyewe liliteremka kwa daraja. Leo hukumu imekamilika, wala simhalalishii mtu tone moja. Nasema tu kwamba Mola wetu ajua udhaifu wa waja wake.

Mwezi wa Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka kutoka Kongo, na wagonjwa wakauguzwa katika Hospitali ya Bwera. Wauguzi hawakuwakimbia watu ambao kila mtu aliwaogopa. Je, sisi tumkimbie kijana wetu kwa sababu ya harufu ya waragi?

Basi nawausia mambo matatu. Kwanza, anayetaka kuacha asingoje mwandamo wa mwezi. Aende hospitali tangu Shaabani, aeleze bila ya kuficha anakunywa kiasi gani na tangu lini. Pili, akiwa mgonjwa, sheria imempa ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye, asione haya. Tatu, kila msikiti uchague watu wawili wenye siri, wamsindikize hospitali, wamzuru kitandani, na akitoka wamkalishe safu moja nao. Kwani dawa hutuliza mwili, na hamu hurudi kwa mtu aliyeachwa peke yake.

Tusije tukaulizwa kesho tulimfungia nani mlango.