Mkopo Unapochelewa: Mazungumzo kwa Wanunuzi wa Nyumba Nchini Ufaransa



 Mazungumzo ya leo yanawahusu ninyi mnaokusudia kununua nyumba nchini Ufaransa kwa mkopo wa benki. Tutazungumzia jambo moja tu, nalo ni kuchelewa kwa mkopo na tarehe ya kukamilisha mauzo. Ni jambo dogo kulitaja, lakini ndilo liwezalo kumpotezea mtu amana yake, au kumwacha bila makao huku vyombo vyake vikiwa ndani ya lori.

Kwanza na tuufahamu utaratibu wenyewe. Mauzo ya nyumba Ufaransa hupitia saini mbili. Saini ya kwanza hutiwa katika mkataba wa awali, ambao mara nyingi huitwa compromis de vente. Saini ya pili hutiwa katika hati rasmi mbele ya notari. Hapo ndipo bei hulipwa, milki huhama na funguo hukabidhiwa. Kati ya saini hizo mbili hupita kwa kawaida miezi mitatu hivi. Katika muda huo notari huchunguza hati za umiliki na rehani zilizowekwa juu ya nyumba. Aidha, mahali ambapo halmashauri ya mji ina haki ya kununua kwanza, huiuliza kama inataka kuitumia, na halmashauri ina miezi miwili ya kujibu.

Baada ya mkataba wa awali, mtu anayejinunulia makao hupewa siku 10 za kujitoa bila kueleza sababu yoyote. Siku hizo zikipita, amefungwa. Kinachobaki kumkinga ni sharti la mkopo. Tangu sheria ya tarehe 13 Julai 1979, mauzo yanayogharimiwa kwa mkopo hutegemea mkopo huo kupatikana, na muda wa kuutafuta hauwezi kupungua mwezi mmoja. Kwa desturi mikataba hutoa siku 45 hadi 60. Benki ikikataa, mnunuzi hurudishiwa amana yake yote, ambayo aghalabu ni asilimia 5 hadi 10 ya bei.

Lakini kinga hiyo haimlindi asiyetimiza wajibu wake. Mnunuzi hutakiwa kuomba mkopo unaolingana na ule ulioandikwa katika mkataba: kiasi, muda na riba ya juu kabisa. Aliyeomba fedha nyingi kuliko zilizotajwa, kisha akakataliwa, anaweza kuambiwa kwamba amelivunja sharti mwenyewe. Hapo sheria hulihesabu sharti kuwa limetimia, na amana huwa hatarini. Tena, msikubali kuandika kwa mkono wenu kwamba mnanunua bila mkopo ilhali mnauhitaji. Maneno hayo machache huiondoa kinga yote.

Sasa tuzitazame tarehe. Mkataba wa awali huwa na tarehe mbili, na wengi huzichanganya. Moja ni mwisho wa muda wa kupata mkopo. Ya pili ni siku iliyopangwa kwa saini ya hati rasmi. Tuchukue mfano. Mnunuzi ametia saini mkataba wa awali tarehe 1 Machi. Muda wa mkopo unakwisha tarehe 30 Aprili, na hati rasmi imepangiwa tarehe 1 Juni. Benki inataka karatasi moja, kisha nyingine, wiki zinapita. Hatimaye toleo rasmi la mkopo linamfikia tarehe 20 Mei. Je, amewahi? La. Sheria humkataza kulikubali kabla ya siku 10 za kutafakari kupita. Siku ya kwanza anayoweza kulikubali ni tarehe 31 Mei, na benki haiwezi kumwondolea ngoja hiyo hata akiiomba. Baada ya hapo notari ndipo aiombe benki fedha, nazo huchukua siku kadhaa kufika. Saini ya tarehe 1 Juni haiwezekani tena.

Angalieni pia kwamba mnunuzi huyu amekwisha kupitisha tarehe 30 Aprili bila mkopo mkononi. Muda huo ukipita bila kuongezwa, muuzaji aweza kujiona huru na kumtafuta mnunuzi mwingine. Basi kosa lake kubwa lilikuwa kunyamaza mwezi wa Aprili, alipokuwa bado na nafasi ya kuomba nyongeza.

Na tarehe ya hati rasmi ikipita je? Kwa kawaida mauzo hayafi siku hiyo. Mikataba mingi huifanya tarehe hiyo kuwa mwanzo wa haki ya kila upande kumlazimisha mwenzake kutimiza ahadi. Muuzaji aweza kumpelekea mnunuzi onyo rasmi la kumtaka aje kutia saini. Mnunuzi asiye na sababu ya kisheria akishindwa kuja, muuzaji aweza kudai mahakamani mauzo yatekelezwe, au yavunjwe na alipwe fidia iliyoandikwa katika mkataba, ambayo mara nyingi ni asilimia 10 ya bei. Kwa nyumba ya euro 200,000, hizo ni euro 20,000. Hakimu ana uwezo wa kuipunguza fidia iliyo kubwa kupita kiasi, lakini si busara kuitegemea huruma ya hakimu.

Tufanye nini basi? Kabla ya saini ya kwanza, iulizeni benki itachukua muda gani kutoa toleo, kisha mwombe siku 60 badala ya 45. Pelekeni maombi mara tu baada ya saini, na mtunze uthibitisho wa siku mliyoyapeleka. Wiki mbili kabla ya muda wa mkopo kwisha, kama toleo halijafika, mwambieni notari aandike nyongeza ya mkataba, nayo itiwe saini na pande zote mbili. Neno la muuzaji kwenye simu kwamba hana haraka ni jema, lakini halitawasaidia siku atakapobadili nia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Mna haki ya kuwa na notari wenu wenyewe. Ada haiongezeki kwa sababu hiyo, kwani manotari wawili hugawana ile ile. Na benki ikikataa, dai barua inayotaja kiasi, muda na riba mliyoiomba. Barua isemayo tu kwamba ombi limekataliwa inaweza isitoshe.

Mwisho, na hili ndilo tunalowasihi zaidi: msiifunge nyumba mnayoishi kwa kuitegemea tarehe iliyo katika mkataba wa awali. Mpangaji wa nyumba isiyo na samani nchini Ufaransa hutoa taarifa ya miezi mitatu, au mwezi mmoja katika miji yenye uhaba wa makao. Anayeitoa mapema, kisha mkopo ukachelewa, hujikuta hana haki ya kukaa kule wala ufunguo wa huku. Subirini mlikubali toleo la benki kisheria, na notari awathibitishie kwa maandishi siku ya saini. Ndipo muiite lori.

Milango yetu iko wazi kwa yeyote mwenye mkataba angetaka tuusome pamoja kabla hajatia saini.