Mwanga na Wekundu wa Udongo Wetu



Chama chetu Kikuu kinapotimiza miaka 10, twaomba ruhusa tunene machache juu ya mali iliyotangulia mali zote, nayo ni udongo.

Apandaye kutoka Karatu kuelekea Ngorongoro huuona wekundu wake kila mahali. Wekundu huo ni kutu ya chuma. Mawe na majivu ya volkano yaliliwa na mvua na joto kwa miaka mingi mno, na chuma kilichokuwamo kikageuka kuwa madini yenye rangi. Yaliyo makuu ni mawili: hematiti, iliyo nyekundu, na goethiti, iliyo ya manjano.

Mnamo 1935 Bwana Geoffrey Milne, mtaalamu wa kituo cha Amani, alieleza jinsi udongo unavyofuatana kutoka kilimani hadi bondeni. Mfuatano huo akauita katena. Mara nyingi juu huwa mwekundu, na chini, maji yatuamapo, kutu huyeyuka, rangi ikawa ya kijivu.

Je, udongo uliozidi wekundu ndio uliozidi kutu? La, hasha. Hematiti kidogo yatosha kutia rangi shamba zima, na goethiti nyingi yaweza kujificha. Mboji nayo huufanya udongo uwe mweusi. Jicho pekee halitoshi.

Kwa hiyo wataalamu hutumia mwanga. Udongo hukaushwa, hupondwa, hupitishwa katika chekeche la matundu ya milimita 2, kisha humulikwa. Chombo hupima mwanga unaorudi, rangi moja moja. Goethiti huacha alama yake kati ya nanomita 415 na 445, na hematiti kati ya 535 na 580. Mnamo 2002 Keith Shepherd na Markus Walsh, wa kituo cha kilimo-mseto cha Nairobi, walionyesha kwa sampuli zaidi ya 1,000 za mashariki na kusini mwa Afrika kwamba mwanga waweza kukadiria sifa nyingi za udongo, upesi na kwa gharama ndogo.

Yatuhusu nini? Kutu hiyo hushika fosfeti ya mbolea, mmea ukaikosa, na deni la mbolea likabaki kwa mkulima. Si haki mbolea ya aina moja na kipimo kimoja kugawiwa kwa kilima na kwa bonde.

Lakini mwanga ni kama mizani: usipokaguliwa hudanganya. Baadhi ya sampuli hazina budi kupimwa kwa kemia ili kuuhakikisha.

Basi twashauri kila chama cha msingi kikusanye udongo wa kilimani, wa mteremkoni na wa bondeni kabla ya kuagiza mbolea. Wakati huohuo, mkulima aweke mbolea ya fosfeti karibu na mbegu, asiitawanye ovyo, na aongeze samadi.

Ushirika ulijengwa juu ya mizani ya haki kwa mazao. Sasa tuupatie udongo nao mizani yake.