Somo la Kumi na Saba: Mgonjwa wa Akili



Wapendwa wasikilizaji wa Kisangani, ninyi wa ng'ambo ya Lubunga, na ninyi nyote mnaotusikiliza katika vijiji vya kando ya mto, juma lililopita tulijifunza matendo ya huruma. Tulipofika kwa lile la kuwatazama wagonjwa, nadhani wengi wenu mlisema moyoni, Hili twalifanya. Ni kweli. Mtu akivunjika mguu kule Mangobo, au akilazwa kwa homa, wakristu wa jumuiya yake humwendea na chakula, hukaa karibu naye, husali rozari. Lakini yuko mgonjwa mmoja asiyetembelewa. Huyo amefungwa kamba nyuma ya nyumba, au anazunguka sokoni na nguo zilizoraruka, na watoto wanamtupia mawe. Ukiuliza jina lake utajibiwa, "Yule ni mwenda wazimu," kana kwamba hakubatizwa kwa jina lingine. Somo la leo ni juu yake.

Mwakumbuka wanafunzi wa Yezu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu. Waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye mwenyewe au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili. Sisi bado twauliza vilevile, tena twaongeza swali la tatu lililo baya zaidi: ni nani aliyemroga? Kwa swali hilo nyumba nyingi zimevunjika. Shangazi mzee asiye na mtoto anafukuzwa. Mtoto anayekojoa kitandani au kuota ndoto mbaya anaitwa mchawi, na mwisho analala njiani. Jueni kwamba sheria ya nchi yetu juu ya ulinzi wa mtoto, iliyotolewa tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu chake cha 160 yamwadhibu mtu amshitakiye mtoto kwa uchawi. Na amri ya Mungu ya kutomshuhudia jirani uongo ilikuwapo kabla ya sheria hiyo.

Swali. Ugonjwa wa akili ni nini?

Jibu. Ni ugonjwa unaogeuza mawazo ya mtu, maono ya moyo wake, au mwenendo wake, hata asiweze tena kufanya kazi na kuishi na wenzake kama zamani.

Mawazo yetu yahitaji ubongo kama vile kuona kwahitaji macho, nao ubongo waweza kuugua kama ini au mapafu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 970, yaani mmoja katika kila wanane duniani, walikuwa na ugonjwa wa namna hii, mkubwa au mdogo. Basi si jambo la ukoo mmoja uliolaaniwa.

Swali. Ugonjwa huu watoka wapi?

Jibu. Watoka kwa sababu nyingi, na mara nyingi sababu mbili au tatu zakutana katika mtu mmoja.

Hapa yafaa tukae kidogo, maana ndipo watu wengi wapoteapo. Tuseme baba mmoja wa upande wa Isangi, mtu mpole, mwindaji hodari, aanza kusinzia mchana na kukesha usiku. Awa mkali kwa mke wake bila sababu. Asema maneno ya aibu mbele ya wakwe. Ndugu zake waketi, wachanga fedha, wampeleka kwa mpiga ramli. Kumbe baba huyu aliumwa na mbung'o msituni. Mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho aliingia katika damu yake, na baada ya miezi mingi akafika ubongoni. Huo ni ugonjwa wa malale, nao umepatikana katika Isangi na sehemu nyingine za nchi. Mwaka 1998 wagonjwa wa malale zaidi ya 26,000 walihesabiwa katika Kongo; siku hizi kwa mwaka mmoja hawafiki 1,000, kwa kazi ya wale wanaopita vijijini kupima damu. Tangu mwisho wa mwaka 2018 nchi yetu ina dawa ya vidonge iitwayo feksinidazoli, imezwayo kwa siku 10, ambayo kwa wagonjwa wengi imeondoa haja ya kuchomwa sindano mshipani. Lakini baba yule akiachwa kwa mpiga ramli mpaka mwisho, atakufa, na mtu asiye na hatia ataitwa mwuaji wake.

Tena fikirini kifafa. Katika Bas-Uele na Ituri wachunguzi wameona kwamba watoto wengi wenye kifafa ni wa vijiji vilivyo karibu na mito iendayo kasi. Katika maji ya namna hiyo huzaliwa inzi mdogo mweusi, ambaye kwa kuuma huleta minyoo ya ugonjwa wa upofu wa mtoni. Mtoto aliyekuwa mzima, baada ya umri wa miaka 3 na kabla ya 18, aanza kuanguka. Watu wamkimbia. Wasema mate yake huambukiza, wamwacha aungue motoni au azame majini mbele ya macho yao. Wapendwa, mate ya mwenye kifafa hayaambukizi kifafa! Mwondoeni penye moto, mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani, kaeni naye mpaka azinduke. Na dawa ya ivermektini igawiwapo kijijini, kila mtu aruhusiwaye aimeze, maana yapunguza minyoo hiyo.

Ziko sababu nyingine. Kuna magonjwa ambayo kwa sehemu hufuata damu ya ukoo. Skizofrenia ni mmojawapo: mtu husikia sauti zisizosikiwa na wengine, huamini kwamba watu wanamwinda, na mara nyingi huanza katika ujana. Lakini msiseme, Ukoo ule msioe. Hata kwa mapacha wafananao kabisa, mmoja akiugua, yule mwingine mara nyingi haugui. Kuna mama ambaye katika majuma mawili ya kwanza baada ya kujifungua hukosa usingizi, husema ovyo, humwogopa mtoto wake mwenyewe. Kati ya mama 1,000 wanaojifungua, mmoja au wawili hupatwa hivyo. Huyo apelekwe hospitalini siku ileile, wala asiachwe peke yake na mtoto. Watu wakianza kubishana kama ni mama mkwe aliyemlaani, wanapoteza saa zenye thamani. Kuhusu lotoko na bangi sina haja ya kusema mengi. Kila mtaa una mifano yake.

Iko pia huzuni, na iko hofu. Mji wetu wazijua. Kuanzia tarehe 5 mpaka tarehe 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana katikati ya nyumba zetu, na mamia ya raia walikufa. Wako waliokuwa watoto siku zile ambao hata leo, ngurumo ikipiga, moyo waenda mbio na mikono yatetemeka. Mtu kama huyo si mwoga, wala hana pepo. Tangu mwaka 1980 madaktari wameupa ugonjwa huo wa mshtuko jina lake na mahali pake katika vitabu vyao.

Na hapa twafika kwenye namna madaktari wanavyoyapanga magonjwa haya. Zamani neno lilikuwa moja tu, wazimu, na dawa moja tu, kamba. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mjerumani Emil Kraepelin aliwafuata wagonjwa wake kwa miaka mingi, akaandika habari za kila mmoja, akaona kwamba hawafanani. Wako ambao akili yao huharibika kidogo kidogo. Wako wengine wapandao katika furaha isiyo na kiasi, kisha washukao katika huzuni nzito, na katikati wakawa wazima. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilitia magonjwa ya akili katika orodha yake ya magonjwa yote. Orodha hiyo imeandikwa upya mara kadhaa. Ile ya 11 imetumika tangu tarehe 1 Januari 2022. Humo mmepangwa mbali skizofrenia na jamaa zake, mbali magonjwa ya huzuni na ya furaha iliyopita kiasi, mbali yale ya hofu, mbali yale yatokayo katika mshtuko, mbali yale ya ulevi, mbali yale ya watoto wachelewao kukua akilini, mbali kupotewa na kumbukumbu kwa wazee. Kifafa hakimo katika sura hiyo. Kimewekwa pamoja na magonjwa ya mishipa ya fahamu. Mtauliza faida yake ni nini. Faida yake ni dawa. Anayesikia sauti hapewi dawa ya mwenye malale, na mwenye kifafa hahitaji dawa ya mwenye huzuni.

Basi sasa naona wengine wenu mwataka kuniuliza: Padri, je, shetani hayupo? Yupo, Kanisa lafundisha hivyo. Lakini someni Mathayo sura ya 4, mwisho wake, mahali ataja wagonjwa walioletwa kwa Yezu. Awataja wenye pepo, halafu wenye kifafa, halafu waliopooza, kila kundi peke yake. Mwinjili alijua kutenganisha, nasi tumesahau. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 1673, yafundisha kwamba ugonjwa, hasa ule wa akili, ni jambo lingine, na kuutibu ni kazi ya madaktari. Kabla ya kumfukuza pepo yapasa kuhakikisha kwamba si ugonjwa. Tena kwa sheria ya Kanisa hakuna awezaye kumfukuza pepo kwa ibada kuu bila ruhusa wazi ya askofu. Hata ile orodha ya madaktari niliyoitaja ina mahali pa mtu ajionaye ametawaliwa na roho nyingine, nayo haimhesabu kuwa mgonjwa ikiwa jambo hilo ni sehemu ya ibada ya watu wake.

Kwa hiyo siwezi kunyamaza juu ya vyumba vya maombi ambamo mgonjwa hufungwa, hunyimwa chakula siku nyingi ati ni mfungo, hupigwa ili pepo atoke, na jamaa yake hutozwa fedha. Yezu hakumpiga mgonjwa yeyote. Yule mtu wa makaburini, aliyekatakata minyororo, mwisho alionekana ameketi, amevaa nguo. Kumfunga mtu hakukuwa dawa hata wakati ule.

Msidhani minyororo ni ya kwetu tu. Katika mji wa Ghent, nchi ya Ubelgiji, wagonjwa wa akili walifungwa pingu katika chumba cha chini cha ngome ya zamani. Mwaka 1815 padri Petro Yosefu Triest, mwanzilishi wa shirika la Mabruda wa Upendo, alichukua ulinzi wao, akawatoa humo. Baadaye alifanya kazi pamoja na daktari Joseph Guislain. Mabruda hao walifika kwetu pia, na katika Goma kituo chao cha wagonjwa wa akili chaitwa Tulizo Letu. Jina hilo lanipendeza. Siku za Triest hapakuwa na dawa. Dawa ya kwanza ya kutuliza sauti na hofu hizo ilianza kutumiwa katika Paris mwaka 1952. Sisi tunayo leo, na bado twashika kamba.

Neno moja juu ya wale waliojiua. Zamani Kanisa liliwanyima maziko wale waliojiua kwa kusudi. Sheria ya mwaka 1983 haiwataji tena kati ya wanaonyimwa, na Katekisimu, namba 2282 na 2283, yasema kwamba taabu kubwa ya akili yaweza kupunguza hatia yao, tena tusikate tamaa juu ya wokovu wao. Eliya nabii alilala chini ya mti akamwomba Mungu afe. Mungu hakumkaripia. Alimpelekea mkate na maji, akamwacha alale tena. Akina mama ambao mtoto wenu alikwenda hivyo, mkaambiwa msimwombee, mwombeeni.

Basi, mgonjwa akiwa nyumbani mwenu, mfungueni kwa msaada wa watu wenye nguvu na upole, mpelekeni kituo cha afya, hata kwa toleka kama hakuna gari. Mwambieni mwuguzi ugonjwa ulianza lini, kama alikuwa na homa, kama huanguka, kama hulala mchana, kama alikunywa, na alikunywa nini, kama alijifungua karibuni, kama alifiwa, kama yuko mwingine katika ukoo aliyeugua hivyo. Msifiche kitu kwa aibu. Akipewa dawa, asiiache siku ajisikiapo vizuri, wala asiiache kwa sababu ya novena. Mwiteni padri pia. Palipo na mashaka kama mgonjwa anayo akili ya kutosha au hana, sheria ya Kanisa yaamuru apewe Mpako wa Wagonjwa.

Kwa juma lijalo, kila jumuiya imtafute mgonjwa wa namna hii aliye katika mtaa wake, imwulize yeye au mama yake jina lake la ubatizo, kisha imwambie katekista.