Vidonge vinane ndani ya kopo

Nadhani ni nyumba chache sana hapa mjini zisizokuwa na kopo. La kwetu lilikuwa la Blue Band, limekaa juu ya kabati la vyombo, na ndani yake mlikuwa na dawa. Siyo dawa zilizonunuliwa na kuwekwa akiba, la hasha. Zilikuwa ni dawa zilizobaki. Vidonge viwili vya huyu aliyepona kabla ya siku zake, vitatu vya yule aliyesema vinamletea kichefuchefu, nusu chupa ya dawa ya kikohozi ya mtoto ambaye sasa yuko sekondari. Mtu akiumwa kichwa usiku, au akihisi homa, hakujisumbua kwenda popote. Alitia mkono koponi, akapapasa, mpaka akapata kidonge kinachofanana na anachokitaka. Leo nataka kuzungumza juu ya kopo hilo, maana nusura linizike.

Ilikuwa masika. Nilipata homa, na mwanzoni nilifanya yaliyo sahihi. Nilikwenda zahanati, nikachomwa kidole, kipimo kikaonyesha malaria, nikapewa dawa mseto: vidonge 24, ambayo ndiyo dozi ya mtu mzima. Vinne kwa mara moja, mara sita, katika siku tatu. Siku ya kwanza nilikuwa hoi. Siku ya pili nilianza kuzungumza na watu vizuri, jioni nikala wali na maharage nikamaliza sahani. Siku ya tatu niliamka mzima kabisa, na nilikuwa na safari ya Morogoro. Vidonge vilivyobaki vilikuwa vinane. Nikavitia koponi, nikijiona mtu mwenye busara anayejua kuweka akiba.

Wiki tatu baadaye homa ikarudi. Safari hii sikwenda kupima, kopo lilikuwapo. Nikameza vinne asubuhi na vinne jioni, homa ikashuka, nikarudi kazini. Baada ya siku kumi hivi nilianguka kwenye kituo cha daladala, na watu wema nisiowajua wakanipeleka hospitali, ambako nilichomwa sindano za artesunate. Nilipopata nafuu, muuguzi mmoja mama wa makamo alikuja na faili langu.

"Baba, ile mara ya kwanza ulipewa vidonge vingapi?"

"Ishirini na vinne, mama."

"Ukameza vingapi?"

"Kumi na sita."

"Na vile vinane?"

"Nilivimeza baadaye, homa iliporudi."

Akanitazama, kisha akasema, "Basi hesabu yako imetimia, ishirini na vinne," akaenda zake kwa mgonjwa mwingine.

Nilibaki nimelala nikiitafakari hesabu ile. Ni kweli vidonge vyote 24 vilipita kooni mwangu. Kwa nini basi sikupona? Tangu siku ile nimewauliza watu wanaojua, madaktari na wafamasia, na jibu lao ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo.

Kwanza hebu tukifuate kidonge kinakokwenda. Sisi husema dawa ya kichwa, dawa ya tumbo, dawa ya mgongo, kana kwamba kidonge kimepewa anwani. Hakina anwani. Ukikimeza huyeyuka tumboni, hupenya ukuta wa utumbo mwembamba, hupitia kwenye ini, kisha huingia katika damu, na damu hukisambaza mwili mzima, penye ugonjwa na pasipo na ugonjwa. Wakati huo huo ini na figo tayari zimeshaanza kazi ya kukiondoa. Kwa hiyo dawa iliyo ndani ya damu ni kama maji ndani ya ndoo iliyotoboka: unamimina, yanapungua, unamimina tena. Dozi ni hesabu ya kuhakikisha maji hayashuki chini ya alama fulani mpaka kazi iishe. Ndoo nyingine zina tundu kubwa, nyingine dogo. Amoksilini, kwa mfano, nusu yake huwa imekwisha kuondoka katika damu baada ya saa moja tu au zaidi kidogo. Ndiyo maana huandikwa kutwa mara tatu, na maana yake ni kila baada ya saa nane, siyo kila unapokula. Wako wenzetu wanaokula mara mbili kwa siku, nao humeza mara mbili.

Sasa dawa mseto. Inaitwa mseto kwa sababu ndani ya kidonge kimoja mna dawa mbili zenye tabia mbalimbali. Ile ninayoizungumzia ina artemether na lumefantrine. Artemether ni mkali wa mbio: inaua vimelea kwa kasi, lakini haikai; katika saa mbili tatu nusu yake imekwisha. Lumefantrine ni mzee wa taratibu: inaua polepole, lakini inabaki ndani ya damu siku nyingi baada ya kidonge cha mwisho.

Wataalamu wanasema artemether hupunguza vimelea karibu mara elfu kumi kwa kila mzunguko wao wa kuzaliana, na mzunguko mmoja ni siku mbili. Tuchukue mfano wa mgonjwa mwenye vimelea bilioni kumi katika damu yake, na hiyo si hesabu ya ajabu kwa mtu mzima aliyelazwa na homa. Baada ya mzunguko wa kwanza wanabaki kama milioni moja. Milioni moja katika lita tano za damu ni wachache mno. Homa imekwisha, hamu ya chakula imerudi, na hata ukipimwa kwa darubini huenda wasionekane. Hapo ndipo nilipofunga safari ya Morogoro. Lakini milioni moja ni milioni moja. Vidonge vya siku ya tatu vilikuwa na kazi mbili: kuwapunguza tena, na kuijaza damu yangu lumefantrine ya kutosha kumalizia waliojificha. Mimi niliwaachia nafasi, nao wakazaliana kimya kimya kwa wiki tatu. Vile vinane nilivyokuja kuvimeza havikuendeleza kazi ya mwanzo. Vilikutana na jeshi jipya, tena vikiwa theluthi moja tu ya dozi.

Kuna jambo jingine ambalo zahanati waliniambia na mimi sikulisikia, kwa sababu nilikuwa nawaza safari. Lumefantrine haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Aimezaye kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa ya dawa hupita na kutoka bila kufika kwenye damu. Haihitaji karamu, glasi ya maziwa, uji wenye karanga, au chakula kilichoungwa kwa mafuta kinatosha. Na dozi ya pili imezwe saa nane baada ya ya kwanza. Aliyeanza saa nne asubuhi ameze tena saa kumi na mbili jioni, kisha siku ya pili na ya tatu asubuhi na jioni. Mgonjwa akitapika muda mfupi baada ya kumeza, arudi alikopewa dawa, maana dozi ile huenda ikabidi irudiwe. Wako wengi wanaotapika, wakasema nimekwisha kunywa.

Wenye umri wangu mtakumbuka klorokwini. Uchungu wake ulikuwa unakaa ulimini nusu siku, na wengine ilituwasha mwili mzima hata usilale. Dozi ya mtu mzima ilikuwa vidonge kumi: vinne, vinne, viwili. Ni wangapi walimeza vile viwili vya mwisho? Kwetu sisi vilikwenda koponi. Sisemi kwamba usugu wa klorokwini ulizaliwa na kuwashwa kwetu. Ulianza huko mpakani mwa Thailand na Kambodia mwishoni mwa miaka ya 1950, ukafika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Lakini ulipofika ulikuta nyumba zilizojaa nusu dozi, na nusu dozi huwaua vimelea dhaifu ikawaachia shamba wale wagumu. Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993, ya kwanza katika eneo letu hili la Afrika. Tanzania tuliiacha mwaka 2001, tukaingia kwenye SP, nayo haikudumu, na mwaka 2006 tukaanza kutumia dawa mseto.

Kilichotokea Malawi ni cha kufurahisha. Baada ya klorokwini kuondolewa, vimelea sugu walipungua mwaka hadi mwaka, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba dawa ile ile iliyokuwa imeshindwa iliwaponya karibu watoto wote waliopewa. Msikimbilie kuitafuta, tafadhali. Si dawa ya malaria hapa kwetu, na hata Malawi hawakuirudisha kuwa tiba ya kawaida.

Upande wa pili wa habari hizi haufurahishi. Vimelea wanaochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artemether wamekwisha kuthibitishwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Rwanda, Uganda na hapa Tanzania, mkoani Kagera. Dawa mseto bado inaponya, na yeyote aliyepewa aimeze bila wasiwasi. Inaponya kwa sababu yule mzee wa taratibu bado anabeba mzigo. Anaubeba kwa muda gani, itategemea kwa sehemu wangapi kati yetu wanamwacha njiani siku ya pili.

Nilipotoka hospitali nililichukua lile kopo nikampelekea kijana mmoja wa mtaani kwetu ambaye ni mfamasia. Akalimwaga juu ya meza, akaanza kuchambua kama mtu achambuaye mchele.

"Mzee, hivi ni nini?" akauliza, ameshika vidonge vya rangi mbili.

"Vya rangi mbili," nikasema. "Vya kifua."

Akanionyesha kwamba vilikuwa vya aina tatu. Rangi ya ganda si jina la dawa. Kiwanda hupaka kinavyopenda. Kimoja kilikuwa amoksilini, kingine tetrasaiklini, ambayo haifai kwa mjamzito wala mtoto mdogo, kwa sababu huyaharibu meno yanayokua, na ambayo ikikaa mpaka ikaoza hugeuka kitu kingine: madaktari waliripoti tangu miaka ya 1960 watu walioharibika figo kwa kumeza tetrasaiklini iliyopitwa na wakati. Cha tatu hakukitambua. Na zote mbili zile alizozitambua, akaniambia, hazifanyi lolote kwa mafua. Amoksilini inaua bakteria kwa kuwazuia kujenga ukuta wa miili yao, na virusi vya mafua havina ukuta huo. Nikamuuliza kama nazo lazima zimalizwe. Akasema siku hizi wataalamu wanabishana. Kuna magonjwa ambayo siku tano zinatosha pale tulipokuwa tukipewa kumi. Lakini wa kupunguza siku ni aliyekupima, siyo wewe uliyeamka unajisikia vizuri.

Halafu akaweka mbele yangu pakiti mbili. Moja ilikuwa ya vidonge vya maumivu, nyingine ya vidonge vya mafua, majina tofauti, viwanda tofauti. Akaniambia nisome maandishi madogo. Zote mbili zilikuwa na parasetamoli. Mke wangu alikuwa akimeza vyote viwili kila mafua yalipomkamata, na akizidiwa anaongeza panadol. Mtu mzima mwenye afya asivuke gramu nne kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na hiyo ni jumla ya vyote, viitwe jina lolote. Ini hugeuza sehemu ndogo ya parasetamoli kuwa sumu, na lina akiba yake ya kuizima sumu hiyo. Akiba ikiisha, sumu inaanza kulila ini lenyewe. Ubaya ni kwamba mtu hahisi kitu cha maana siku ya kwanza. Siku ya pili au ya tatu ndipo macho yanapogeuka manjano, na dawa ya kuokoa hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahi mapema. Aliyezidisha asisubiri kuumwa.

Ile chupa ya kikohozi aliinusa tu, akaiweka pembeni. Akauliza tulikuwa tunampimia mtoto kwa kijiko gani. Nikamwambia cha chai. Akaenda jikoni kwake akaleta vijiko vitatu vya chai, akavipima kwa maji mbele yangu kwa bomba la sindano. Hapakuwa na viwili vilivyolingana.

Mwishowe tulihesabu. Vidonge 43 vya kila namna, kati yake 11 hakuna aliyejua ni vya nini. Akavitia vyote kwenye mfuko, akasema ataviunganisha na dawa za dukani zilizokwisha muda ili ziteketezwe pamoja. Nisivitupe jalalani ambako watoto huokota, wala chooni. Kopo akanirudishia. Mke wangu amelitia nyuzi na vifungo.