Udhuru wa Aliyekosa Kufika

(Hotuba iliyosomwa na sheikh mbele ya wanachama siku ya ukumbusho)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.



Ama baada ya hayo. Wakuu wa chama walinitaka niseme juu ya faida ya umoja. Jambo hilo wamekwisha kulisema vizuri walionitangulia. Kwa idhini yao nitasema juu ya jambo ambalo halisemwi sana misikitini, nalo ni hali ya mtu aliyeachwa na korti akae nje kwa masharti, kisha akashitakiwa kwamba masharti ameyavunja.

Hapa kwetu Uganda hakimu anayo njia ya kumwadhibu mwenye kosa dogo bila ya kumpeleka gerezani. Njia ya kwanza ni ile amri ya uangalizi ambayo watu huiita probesheni. Ya pili imo katika Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2000: mtu hufanya kazi ya kuwafaa watu bila ya ujira, muda usiozidi miezi 6, wala kwa siku hazizidi saa 8. Kabla ya kutoa amri hiyo hakimu hutakiwa amwulize mtu kama amekubali, na amweleze maana yake na yatakayompata akiiasi. Hiyo ni rehema, ndugu zangu, lakini ni rehema yenye kamba. Anayeikata kamba hurudishwa mbele ya hakimu, na kosa lile la kwanza, lililokuwa limelala, huamshwa.

Kijana mmoja wa mtaa wetu, ambaye amenipa ruhusa nisimulie habari yake bila ya kumtaja jina, aligombana na mwenzake katika stendi ya boda boda, akampiga. Akakiri, akapewa kazi ya kufagia na kufyeka uwanja wa kituo cha afya. Wiki za kwanza alifanya kazi vizuri, na kila siku akitia sahihi katika daftari. Kisha mama yake akashikwa na maradhi usiku, naye akampeleka hospitali ya mbali, akakaa naye siku 9. Aliporudi aliogopa kuonana na msimamizi wake. Akanijia mimi baada ya sala ya isha, akaniuliza afanye nini.

Nami nikamwambia aende kwa mjomba wake, akae huko mpaka mambo yapoe.

Nayasema haya mbele yenu na ndevu zangu zimekwisha kuwa nyeupe. Nilidhani namwonea huruma. Barua ya wito ilipoletwa nyumbani kwake hakuwapo, ikafuatwa na hati ya kumkamata, naye akakamatwa baada ya mwezi. Siku zile 9 zilikuwa na udhuru, ule mwezi haukuwa na udhuru wowote ila shauri langu. Alisimama kortini peke yake, hana wakili, na neno lililomtoka ni moja tu: "Nisamehe, mheshimiwa." Habari ya mama yake hakuitaja hata kidogo. Amri ikafutwa, akafungwa. Karatasi za hospitali mama alikuwa nazo, amezifunga katika pindo la leso, na hapana mtu aliyekwenda kumwuliza. Mimi siku hiyo nilikuwa darasani, nasomesha watoto sura ya An-Naml.

Mnakijua kisa kilichomo katika sura hiyo. Nabii Sulaiman alilikagua jeshi la ndege, asimwone Hud-hud. Akaapa kumwadhibu adhabu kali au kumchinja, ila akija na hoja iliyo wazi. Hud-hud hakukimbilia msituni. Alikuja mwenyewe, akaeleza alikokuwa na alichokiona katika nchi ya Saba. Na Sulaiman, pamoja na ufalme wake wote, hakumpiga wala hakumwamini papo hapo. Alisema tutatazama kama amesema kweli, akamtuma na barua ili yajulikane. Miaka mingi nimekisomesha kisa hiki, na siku kilipokuja mlangoni pangu sikukitambua.

Basi mshitakiwa wa namna hii ana haki gani? Katiba yetu ya mwaka 1995, katika ibara ya 28, yampa mshitakiwa haki ya kuelezwa mashitaka kwa lugha anayoifahamu, kupewa muda wa kutosha wa kujitetea, kuwahoji mashahidi, na kupata mkalimani bila ya malipo. Haya yaombwe. Wengi wetu husimama wakiitika kwa kichwa maneno ya Kiingereza wasiyoyajua, kwa kuona haya. Wakili wa kulipiwa na serikali, Katiba imemwahidi yule anayekabiliwa na adhabu ya kifo au kifungo cha maisha. Mwenye kosa dogo hayumo katika ahadi hiyo. Lakini Chama cha Mawakili cha Uganda kina huduma ya kuwasaidia maskini tangu 1992, na kumwendea mapema ni bora kuliko kumlilia wakili siku ya hukumu.

Na asiye na wakili naye asinyamaze. Aulize amedaiwa kukosa siku zipi, na daftari la sahihi liletwe litazamwe. Aseme kilichomzuia, na alete cha kukithibitisha: karatasi ya hospitali, barua ya mwenyekiti wa LC, jirani aliyekuwapo. Aeleze na kazi aliyokwisha kuifanya. Watu hudhani kwamba kosa likithibitika hapana jingine ila gereza, na sivyo, kwani korti yaweza kuibadili amri ile ilingane na hali ya mtu, au kumtoza faini, na kuifuta ni njia mojawapo tu. Hakimu hawezi kuipima hali ambayo hakuambiwa.

Kuna tofauti kubwa kati ya aliyekaidi na aliyeshindwa. Na haikuonwa na sisi peke yetu. Huko Marekani, katika jimbo la Georgia, mtu mmoja aitwaye Bearden aliwekwa chini ya uangalizi na kutakiwa alipe dola 750. Alikopa kwa wazee wake akalipa 200, kisha akaachishwa kazi kiwandani, naye hajui kusoma. Aliwapasha habari maafisa wa uangalizi kwamba atachelewa kulipa. Hata hivyo alifungwa. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu ya nchi ile, ikaamua mwaka 1983 kwamba haifai kumfunga mtu kwa kutolipa bila ya kwanza kuuliza kwa nini hakulipa, na kama alijitahidi. Sisi tumeamrishwa tangu zamani kumpa muhula mdaiwa aliye katika dhiki, walakini mimi nilimwacha jirani yangu asimame bila ya kuulizwa.

Sisemi kwamba kila anayeshitakiwa kwa jambo hili ameonewa. Wako wanaoidharau amri, na wakifika kortini humwuguza nyanya aliyekwisha kuzikwa zamani. Kwa watu hao chama kisitoe barua, wala imamu asitie sahihi yake. Ushahidi wa uongo ni dhambi kubwa, tena huwaharibia wakweli watakaokuja baadaye.

Kijana wangu alimaliza kifungo akatoka, na mama yake yu hai. Nilikwenda kuwataka radhi. Mama alinikaribisha chai, akaniuliza neno moja: "Sheikh, ungalikwenda naye kwa msimamizi asubuhi ile, ingekuwaje?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo naiomba kamati iteue watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kufuatana na wenye amri hizi kila wanapoitwa, na kuwakumbusha siku zao. Mimi nimekwisha kujiandikisha. Daftari analo karani wa chama. Mwenye jamaa aliye katika hali hii, hasa aliyekwisha kukosa siku akaogopa, amwone leo kwa siri baada ya sala ya alasiri; nami kesho asubuhi nitakuwa tayari kufuatana naye.

Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.